Tangi dogo la maji ya bahari kwa darasa la chekechea: jibu kwa mwalimu wa Barani

Mwalimu mmoja wa chekechea kutoka Barani, Malindi, ameniandikia kwamba ana darasa la watoto wa miaka mitano na sita, wengi wao wakiwa watoto wa wavuvi, ambao humjua samaki akiwa kwenye ndoo au kikaangoni lakini hawajapata kumwona akiogelea. Shule imemtengea shilingi 15,000. Angependa tangi dogo la maji ya chumvi, "hata la lita 20", aliweke mezani kando ya dirisha, na ndani yake aweke wale samaki wa rangi ya machungwa wenye milia myeupe, kiti cha pweza mmoja na tumbawe moja hai. Anauliza kama fedha hizo zitatosha, kama anaweza kutumia maji ya bahari badala ya kununua chumvi maalumu, na kama udogo wa tangi utampunguzia kazi.

Mwalimu, niruhusu nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua mengine yote. Udogo wa tangi huongeza kazi. Samaki na viumbe wengi wa majini hutoa taka iitwayo amonia, hasa kupitia matamvua yao, na chakula kilichobaki au konokono aliyekufa bila kuonekana nyuma ya jiwe huoza na kutoa amonia hiyo hiyo. Baharini taka hiyo husambaa katika maji yasiyo na mwisho. Katika lita 20, ukishatoa nafasi inayochukuliwa na mawe, unabaki na maji kama lita 15 hivi, na mtoto mmoja akiangusha kipande cha mahamri ndani yake saa nne za asubuhi, kufikia kesho yake maji yote yatakuwa yamechafuka kwa kiasi cha kuua. Jambo hilo ni zito zaidi kwa maji ya chumvi kuliko maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kwa kuwa maji ya bahari yana alkali kidogo, na kadiri alkali inavyozidi ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyogeuka kuwa ile yenye sumu kali. Joto nalo hufuata kanuni hiyo hiyo: maji machache hupata moto upesi na kupoa upesi, na viumbe wengi wa baharini hawakuumbwa kuvumilia mabadiliko ya haraka.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba usitengeneze tangi la lita 20. Mpe fundi wa vioo vipimo hivi: urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 30, kioo cha milimita 6. Hesabu yake ni lita 54, na ukiacha nafasi juu na kuweka mawe utakuwa na maji kama lita 42. Hilo bado ni tangi dogo sana kwa kipimo cha wafugaji wa samaki wa baharini, lakini litakupa muda wa kuligundua kosa na kulirekebisha kabla halijawa msiba. Mwambie fundi atumie silikoni ya kawaida, ile inayonuka kama siki inapokauka, wala asitumie ile iliyotiwa dawa ya kuzuia kuvu, kwa sababu dawa hiyo hutoka polepole ndani ya maji. Likishagundishwa, liache wiki nzima likauke, kisha lijaze maji ya bomba uani na uliangalie kwa siku mbili kabla hujaliingiza darasani. Meza pia uikague. Tangi hilo likijaa maji na mawe litakuwa na uzito wa kilo 60 na zaidi, na meza za watoto hazikutengenezwa kubeba uzito huo kwa miaka.

Sasa niingie kwenye maji, na hapa nitakaa sana, maana ndipo ulipo utajiri wako. Mtu wa Nairobi anayetaka tangi kama hili hulazimika kununua chumvi maalumu iliyoagizwa kutoka nje, na gharama hiyo haimwishi, kwa kuwa kila wiki hubadilisha sehemu ya maji. Wewe una Bahari ya Hindi mlangoni, yenye chumvi ya gramu 35 hivi katika kila kilo moja ya maji. Swali lako, basi, liwe ni maji yapi, kutoka wapi, na ya siku gani.

Hapa Malindi swali hilo lina uzito kuliko sehemu nyingine za pwani, kwa sababu ya mto Sabaki. Mto huu huanzia bara, ukiitwa Athi kisha Galana, na huingia baharini kaskazini mwa mji wetu ukiwa umebeba udongo mwekundu wa nchi yote uliyoipitia. Mvua ikinyesha Ukambani, siku chache baadaye bahari yetu hubadilika rangi hata kama hapa Barani hatujaona tone. Wakati wa kusi, pepo za kutoka kusini, mkondo husukuma maji hayo upande wa kaskazini, kuelekea Mambrui. Lakini mvua za vuli zinapokutana na pepo za kaskazi, kuanzia Novemba, maji ya mto hushuka kusini na kujaa ghuba yetu. Maji hayo yana udongo, na vilevile yana chumvi pungufu. Nilijifunza hilo kwa hasara katika mwaka wangu wa pili wa kazi hii ya kufuga viumbe wa baharini. Nilichota maji ufukweni karibu na mji mwezi wa Novemba, yakiwa na rangi ya chai hafifu, nikajiambia kwamba mchanga utatua. Mchanga ulitua kweli, maji yakang'aa, nami sikupima chumvi yake. Kamba wanne niliokuwa nao wakafa ndani ya siku mbili, na mpaka leo najua kwamba ni mimi niliyewaua.

Usichote maji karibu na mahali madau na mashua za mashine zinapofunga, wala karibu na mfereji wa maji machafu, wala ndani ya siku chache baada ya mvua kubwa. Njia iliyo bora na isiyo na gharama kubwa ni kumwomba nahodha anayetoka kila siku akujazie mitungi miwili ya lita 20 akiwa nje ya mwamba, upande wa kusini kuelekea Mayungu, na aizamishe mitungi chini ya uso wa maji, kwa kuwa mafuta na takataka huelea juu. Ikiwa huna nahodha, chota mwenyewe wakati wa bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, maji yakiwa yamejaa kabisa, kwa maana wakati huo maji safi ya nje huwa yameingia mpaka ufukweni. Wakati wa bamvua kwetu maji hujaa kuelekea saa kumi za alasiri, nawe utakuwa umeshafunga darasa. Mitungi iwe mipya au iliyobeba mafuta ya kupikia na kuoshwa vizuri. Mtungi uliowahi kubeba petroli au dawa ya shambani hausafishiki kwa kazi hii hata uoshwe mara mia.

Maji hayo usiyamimine tangini alasiri hiyo hiyo. Yamejaa viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, na vikifa kwa pamoja huchafua maji. Yachuje kwa kitambaa cheupe cha pamba kilichooshwa bila sabuni, kisha uyaweke kwenye chombo chenye kifuniko, mahali penye giza, ukiyapulizia hewa kwa pampu ndogo, kwa wiki moja au mbili. Baada ya hapo yanyonye kwa mpira kutoka juu na uyaache mashapo chini. Halafu yapime kwa haidromita, kifaa kinachoonyesha wingi wa chumvi, ambayo kwa maji mazuri ya bahari itasoma kati ya 1.024 na 1.026. Gonga kidogo chombo hicho ili povu liachane na kipimo, na ukisuuze kwa maji baridi kila ukimaliza, ama sivyo chumvi itakiganda nacho kitakudanganya. Ulimi haupimi chumvi kwa usahihi unaohitajika hapa, hata ukiwa ulimi wa mvuvi.

Jambo ambalo wengi hulikosea ni kujaza maji yaliyopungua. Maji yanapokauka kwa joto, kinachoondoka ni maji peke yake. Chumvi hubaki tangini. Tangi la vipimo nilivyokupa, likiwa wazi, linaweza kupoteza takriban lita moja kwa siku katika joto letu. Ukiliacha kuanzia Ijumaa alasiri hadi Jumatatu asubuhi bila kifuniko, lita zako 42 zitabaki chini ya 40, na chumvi itapanda kutoka gramu 35 hadi 37 au zaidi. Ukijaza kwa maji ya bahari, umeongeza chumvi juu ya chumvi. Jaza kwa maji baridi. Maji ya bomba ya mji wetu hutoka Baricho na hutiwa klorini, basi yaache kwenye ndoo wazi kwa siku mbili ndipo uyatumie; maji ya mvua nayo yanafaa ikiwa mvua ya kwanza imeshaliosha paa. Maji ya kisima chenye magadi usiyatumie kabisa. Piga mstari kwa kalamu ya wino usiofutika upande wa nje wa kioo, mahali maji yanapotakiwa kufika, na kila asubuhi mtoto mmoja kwa zamu aongeze maji baridi kwa kikombe mpaka yafike kwenye mstari. Nakuhakikishia kwamba watoto wa miaka mitano wataifanya kazi hiyo kwa uaminifu kuliko watu wazima wengi.

Mawe ndiyo makao ya bakteria watakaokusafishia maji, na hapa tena Malindi inakupendelea. Usiokote jiwe lolote mwambani. Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Malindi imelindwa tangu 1968, na ndani yake hairuhusiwi kuchukua chochote, hata kombe tupu. Lakini mji wetu, kama Lamu na miji yote ya kale ya pwani, umejengwa kwa mawe ya matumbawe yanayochimbwa nchi kavu, ambayo ni mwamba wa bahari uliokauka zaidi ya miaka laki moja iliyopita. Nenda kwenye machimbo au mahali nyumba inapojengwa, uombe vipande vitano au sita vyenye vitundu vingi, ambavyo havijaguswa na saruji, chokaa wala rangi. Visugue kwa brashi, vilowekwe kwenye maji baridi kwa siku kadhaa ukiyabadilisha, vianike juani, kisha uvipange tangini vikiwa vimeachana ili maji yapite kati yake. Uzito wa kilo 6 unatosha. Mchanga usiweke mwanzoni. Sakafu ya kioo kitupu huonyesha uchafu ulipo na husafishwa kwa urahisi.

Tangi likishajazwa, utatia kipande kidogo cha kamba mbichi, kama ukucha wa kidole gumba, na utakiacha kioze. Najua linasikika kama jambo la ajabu, lakini kamba huyo ndiye atakayewalisha bakteria wa kwanza. Amonia itapanda; kisha bakteria wa aina moja watazaliana na kuigeuza kuwa nitriti, na wengine wataigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa haikusanyiki kwa wingi. Kazi hiyo huchukua wiki nne hadi sita. Hakuna dawa wala ujanja wa kuifuta, na samaki wengi wa watu wanaoanza hufa katika wiki hizo kwa sababu mwenye tangi alishindwa kusubiri. Pima amonia na nitriti kila baada ya siku tatu. Zote mbili zikishasoma sifuri, tia chembe ya chakula, upime tena kesho yake. Zikibaki sifuri, tangi liko tayari. Waonyeshe watoto rangi za vipimo na mzichore kwenye karatasi ukutani, ili wiki hizo za maji matupu ziwe na somo lao.

Kuhusu viumbe uliowataja, nitasema wazi. Kiti cha pweza atakufa kwa njaa. Wengi wao hula utando na vijidudu vilivyomo juu ya mawe na mchanga wa eneo kubwa, na katika tangi dogo watavimaliza kwa muda mfupi, kisha wataanza kusambaratika polepole huku watoto wanatazama. Tumbawe hai lahitaji taa maalumu ambayo peke yake ingekula bajeti yako, na matumbawe magumu yote yamo katika orodha ya viumbe ambao biashara yao kati ya nchi na nchi inadhibitiwa kwa mkataba wa kimataifa, kama ilivyo kwa farasi wa baharini. Samaki wa milia myeupe wanaoishi kwetu hukua kupita sentimita 10, na wao huishi ndani ya anemoni, kiumbe laini wa baharini mwenye mikono inayowasha, ambayo nayo haistahimili tangi changa lisilo na taa. Waache mwambani. Shule ikiweza siku moja kuwakodia watoto mashua yenye sakafu ya kioo, watawaona wakiwa kwao.

Viumbe wanaofaa ni wale wa vidimbwi vya mawe vinavyobaki maji yakipwa. Fikiria maisha yao: bamvua ikipwa saa nne za asubuhi, kidimbwi hubaki juani kwa saa kadhaa, maji yake hupata moto na chumvi yake hupanda, kisha bahari hurudi na kukipoza kwa ghafla. Kiumbe aliyezaliwa hapo ana uvumilivu ambao samaki wa mwambani hana. Baada ya tangi kuwa tayari, anza na kaa wadogo watatu wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, pamoja na makombe matupu machache makubwa kidogo ili wahamie wakikua, na konokono wadogo wanne wanaokula ukungu wa kijani juu ya vioo. Kaa hao peke yao watawashughulisha watoto muhula mzima. Mwezi mmoja baadaye, na vipimo vikiwa bado sifuri, unaweza kuongeza samaki mmoja wa vidimbwini, wa urefu wa kidole, wale wanaojificha vitunduni na kuchungulia. Asizidi mmoja. Kifuniko ni lazima, maana samaki hao huruka na kupanda.

Kabla ya kuchukua hata kaa mmoja, nenda kwenye ofisi ya BMU, kikundi kinachosimamia uvuvi wa ufukwe wako, na ya idara ya uvuvi, ueleze ni kwa ajili ya darasa, ili uonyeshwe mahali panaporuhusiwa nje ya hifadhi. Nenda na mvuvi mzoefu, wala usiwatume watoto. Konokono yeyote mwenye umbo la koni, hata awe na madoa mazuri kiasi gani, asiguswe kwa mkono, kwa sababu wamo katika jamii hiyo wenye mwiba wa sumu iliyowahi kuua watu.

Fedha zako zigawe hivi, ukichukulia kila fungu kuwa kikomo: shilingi 6,000 kwa kioo, silikoni, kifuniko na ufundi, 4,000 kwa pampu mbili, moja ndogo ya kuzungusha maji na nyingine ya hewa inayoweza kutumia betri, 3,500 kwa haidromita, kipimajoto na vipimo vya amonia na nitriti, 1,000 kwa mitungi, mpira na ndoo ambayo haitaguswa na sabuni kamwe, na 500 zibaki kwa dharura. Ukibanwa, punguza kwenye kioo kwa kutafuta tangi lililotumika, lakini vifaa vya kupimia usivipunguze. Hita huihitaji, na taa haina ulazima kwa kuwa hufugi tumbawe. Umeme usikutie hofu: pampu ya wati 5 ikienda mchana na usiku hutumia chini ya yuniti 4 kwa mwezi.

Umeme unaokatika ndio wa kuhofiwa. Shule nyingi huzima swichi kuu siku ya Ijumaa, na tangi lisilo na mwendo wa maji huanza kupungukiwa na oksijeni ndani ya saa chache, kwanza kwa samaki, kisha kwa bakteria walio ndani ya mawe. Zungumza na mkuu wa shule kabla hujanunua chochote, na ikiwa swichi hiyo haiwezi kuachwa, tangi likae ofisini au nyumbani kwa mlinzi. Umeme ukikatika nawe ukiwepo, usiwalishe viumbe. Chota maji kwa kikombe na uyamimine kutoka juu kwa dakika chache kila nusu saa.

Mahali pa kuliweka napo pabadilike. Kando ya dirisha jua litalipasha moto na kulijaza ukungu wa kijani. Liweke ukuta wa ndani, mbali na mlango. Lengo lako ni nyuzi 25 hadi 28, na likipita 30 hatari imeanza, kwani maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Mwaka 1998 bahari yenyewe ilipata joto la kupita kawaida, na sehemu kubwa ya matumbawe ya Malindi na Watamu ikapauka na kufa. Ikiwa bahari nzima iliweza kufikia hapo, darasa lenye paa la mabati mwezi wa Machi litafika bila shida. Siku za joto kali fungua kifuniko, uweke wavu mahali pake, na uelekeze feni ndogo juu ya maji. Itayapoza kwa nyuzi mbili au tatu, ila utalazimika kuongeza maji baridi mara mbili kwa siku. Na uhakikishe kwamba hakuna anayepuliza dawa ya mbu katika chumba hicho. Dawa hizo huua kaa na kamba kwa kiasi kidogo sana. Sarafu na waya wa shaba huua vilevile, basi waeleze watoto mapema kwamba hakuna kinachotumbukizwa tangini.

Baada ya hapo kazi ya kila wiki ni ndogo: kila Alhamisi ondoa lita 5 kwa mpira ukinyonya uchafu wa sakafuni, na urudishe lita 5 za maji ya bahari uliyoyahifadhi. Nachagua Alhamisi ili Ijumaa uwe na siku moja ya kuangalia kabla ya kufunga. Weka daima mtungi mmoja wa akiba uliopimwa, kwa kuwa siku utakayouhitaji inaweza kuwa siku ambayo ghuba nzima ni nyekundu. Chakula kiwe kipande cha kamba au samaki kilichokatwakatwa, kidogo kama punje ya mchele, mara moja kwa siku, na uwape wewe mwenyewe. Jumamosi na Jumapili wasile; hawatadhurika.

Likizo ndefu za Aprili, Agosti na Desemba zipangie mtu kabla muhula haujaanza, mtu mmoja mwenye jina lake kwenye karatasi na ufunguo mkononi, atakayefika kila siku kujaza maji mpaka kwenye mstari. Usipompata, basi siku ya mwisho ya muhula warudishe kaa, konokono na samaki kwenye kidimbwi kile kile ulichowatoa, mradi hujawahi kuwachanganya na kiumbe wa dukani, uiache pampu ikizunguka juu ya mawe, na uanze upya muhula ujao kwa kupima amonia kabla ya yote.